Mama amejifungulia hospitali, nani atamsaidia kunyonyesha?

WANAWAKE wengi wa Tanzania sasa wanajifungulia hospitali. Katika mambo yote yaliyobadilika katika uzazi nchini kwa miaka 20 iliyopita, hilo ni kubwa kuliko yote. Utafiti wa Idadi ya Watu na Afya wa mwaka 2004/05 ulionyesha kuwa ni asilimia 47 tu ya watoto waliozaliwa katika vituo vya kutolea huduma za afya. Mwaka 2015/16 kiwango hicho kilifika asilimia 63, na utafiti wa mwaka 2022 ulikuta kimepanda hadi asilimia 81.

Vifo vya watoto wenye umri chini ya miaka mitano navyo vimepungua kwa kasi. Mwaka 2010 walikuwa wakifariki watoto 81 kati ya kila 1,000 waliozaliwa hai. Idadi hiyo ilishuka hadi 67 mwaka 2015/16, kisha 43 mwaka 2022.

Hata hivyo, ndani ya tafiti hizo hizo kuna takwimu moja ambayo imegoma kushuka. Watoto wachanga waliokufa kabla ya kutimiza mwezi mmoja walikuwa 26 kwa kila 1,000 mwaka 2010, wakawa 25 mwaka 2015/16, na 24 mwaka 2022. Kwa hesabu hiyo, zaidi ya nusu ya watoto wanaofariki kabla ya kufikisha miaka mitano wanafia ndani ya mwezi wa kwanza, tena katika kipindi ambacho wazazi wengi wameitikia wito wa kwenda kujifungulia kwa wataalamu.

Sababu za vifo hivyo ni nyingi. Wapo wanaokosa hewa wakati wa kuzaliwa, wapo wanaozaliwa njiti, na wapo wanaoshambuliwa na maambukizi. Hakuna mtaalamu anayedai kwamba titi la mama litaponya yote hayo. Lakini miongoni mwa kinga zilizopo, maziwa ya mama ndiyo pekee ambayo kila hospitali inayo tayari, kuanzia zahanati ya kijijini hadi hospitali ya taifa, bila kuagiza mashine wala kusubiri dawa kutoka bohari.

Kinachohitajika ni muuguzi mwenye ujuzi na muda wa kukaa kando ya kitanda cha mzazi. Hapo ndipo penye tatizo, kwa sababu wodi nyingi za wazazi zimepangwa kwa ajili ya kuzalisha. Kazi ya kumsaidia mama anyonyeshe huachwa ifanyike yenyewe, kana kwamba kila mwanamke huzaliwa anaijua.

Saa ya kwanza

Mwaka 2006 watafiti waliofuatilia watoto 10,947 katika eneo la Kintampo, nchini Ghana, walitangaza matokeo yaliyobadili mawazo ya wengi kuhusu unyonyeshaji. Walikadiria kuwa asilimia 22 ya vifo vya watoto wachanga vingeweza kuepukwa iwapo kila mtoto angeanza kunyonya ndani ya saa moja baada ya kuzaliwa. Kadiri mtoto alivyocheleweshwa, ndivyo hatari yake ya kufa ilivyoongezeka.

Maelezo yake si magumu. Maziwa ya mwanzo, yale mazito ya rangi ya njano yaitwayo dang'a, hutoka kwa matone, lakini yamejaa kingamwili zinazomlinda mtoto dhidi ya vijidudu. Tumbo la mtoto wa siku moja nalo ni dogo, hivyo matone hayo yanamtosha. Mtoto akiwekwa kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi, hupata joto, mapigo ya moyo na pumzi zake hutulia, na mara nyingi hulitafuta titi mwenyewe.

Mtoto anaponyonya, ubongo wa mama hupokea taarifa na kutoa homoni mbili. Moja huamuru maziwa yatengenezwe, nyingine huyasukuma yatoke. Hiyo ya pili pia huubana mfuko wa uzazi na kupunguza damu inayomtoka mama. Mkunga anayemnyonyesha mtoto mapema, kwa hiyo, anamhudumia na mama yake kwa wakati huo huo.

Linalotokea katika vyumba vingi vya kujifungulia ni tofauti. Mtoto akishalia hukatwa kitovu, hufutwa, hupimwa uzito, huvikwa na kulazwa kwenye meza ya pembeni. Mama hubaki akishonwa au akisubiri kondo litoke. Muuguzi, ambaye pengine ndiye peke yake katika zamu, ameshaitwa na mzazi mwingine anayesukuma. Saa moja hupita, kisha ya pili. Hakuna aliyekusudia mabaya, ila utaratibu ndivyo ulivyozoeleka.

Katika hayo yote, hakuna lisiloweza kufanyika mtoto akiwa kifuani mwa mama, au kusubiri kidogo. Mizani haikimbii. Mtoto mwenye afya anaweza kufutwa na kukaguliwa akiwa juu ya tumbo la mama, wakafunikwa wote wawili kwa kanga moja, na uzito ukapimwa baadaye.

Ni haki kusema kuwa hali imeboreka. Utafiti wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 70 ya watoto walianza kunyonya ndani ya saa ya kwanza, ikilinganishwa na asilimia 51 mwaka 2015/16. Bado watoto watatu kati ya kila 10 hucheleweshwa.

Kundi moja linahitaji kuangaliwa zaidi, nalo ni la akina mama wanaojifungua kwa upasuaji. Kiwango chao kiliongezeka kutoka asilimia sita mwaka 2015/16 hadi asilimia 11 mwaka 2022, baada ya vituo vingi vya afya kujengewa vyumba vya upasuaji. Upasuaji huokoa maisha, na wanaouhitaji hawapaswi kuukosa. Lakini mama aliyechomwa ganzi ya mgongoni huwa macho, na mtoto anaweza kuwekwa kifuani mwake hata kabla hajashonwa, ilimradi yuko mtu wa kumshika. Asipokuwepo mtu huyo, mtoto hupelekwa chumba kingine na maziwa ya mwanzo husubiri hadi mama ahamishiwe wodini, akiwa na kidonda na dripu mkononi, hawezi kugeuka wala kuinuka bila msaada.

Siku ya tatu

Hata pale saa ya kwanza inapokwenda vizuri, hospitali nyingi humwacha mama njia panda katika siku inayofuata. Shirika la Afya Duniani (WHO) linapendekeza kuwa mama aliyejifungua salama kwa njia ya kawaida akae kituoni kwa angalau saa 24. Wodi zikifurika, na zipo ambazo wazazi hulala wawili kitanda kimoja, muda huo hupunguzwa ili kupisha wengine.

Maziwa hayajali ratiba ya vitanda. Kwa wanawake wengi hujaa kati ya siku ya pili na ya nne, wakati mama ameshapanda bajaji na kurudi kwake. Ndipo matiti yanapovimba na kuwa magumu kama jiwe, chuchu zinapochubuka, na mtoto anapolia usiku kucha. Muuguzi hayupo. Aliyepo ni jirani, mama mkwe, au bibi aliyekuja kumkanda mzazi kwa maji ya moto na kumpikia uji wa pilipili manga.

Kauli inayosikika siku hiyo ni moja: "Maziwa hayatoshi." Ikishatamkwa, kinachofuata kinajulikana. Mtoto hupewa maji ya glukosi, kisha maji ya kuondoa chango, na baada ya wiki kadhaa uji mwepesi. Tumbo linapojaa maji, mtoto hunyonya kidogo. Anaponyonya kidogo, titi hutengeneza maziwa kidogo. Baada ya muda hofu ya mama inakuwa kweli, na kila mtu anamwambia kuwa aliona mapema.

Takwimu zinaonyesha safari hiyo waziwazi. Karibu watoto wote nchini hunyonyeshwa, na kiwango cha kunyonyesha bila kumpa mtoto kitu kingine chochote kwa miezi sita kimepanda kutoka asilimia 41 mwaka 2004/05 hadi asilimia 64 mwaka 2022. Lakini utafiti wa mwaka 2015/16, ulipowagawa watoto kwa umri, ulikuta kuwa asilimia 84 ya wenye umri usiozidi mwezi mmoja walikuwa wakinyonya maziwa ya mama pekee, na katika umri wa miezi minne hadi mitano wamebaki asilimia 27 tu. Akina mama hao hawakukataa kunyonyesha. Walianza, wakaishia njiani.

Mwanamke ambaye mwili wake hauwezi kabisa kutoa maziwa ya kutosha yupo, ila ni nadra. Wengi wanaolalamika wana tatizo ambalo mkunga mzoefu angelitambua kwa kuangalia tu: mtoto ameshika chuchu peke yake badala ya kuingiza mdomoni sehemu kubwa ya eneo jeusi la titi, ananyonyeshwa kwa saa maalumu badala ya kila anapohitaji, mara nane hadi 12 kwa siku, au anahamishwa upande wa pili kabla hajamaliza wa kwanza.

Ujuzi huo ungemtosha mama kama angeupata kabla ya kuruhusiwa: namna ya kumpakata mtoto na kumshikisha titi, namna ya kukamua maziwa kwa mkono matiti yanapojaa kupita kiasi, na dalili za kumjulisha kuwa mtoto anashiba. Mtoto aliyetimiza wiki moja anayekojoa mara sita au zaidi kwa siku anapata maziwa, hata kama analia. Mtoto kupungua uzito kidogo katika siku za mwanzo ni kawaida, na hutarajiwa kuurudia katika wiki mbili. Mama asiyeambiwa hilo atakwenda kliniki, ataona mizani imeshuka, na atatoka hapo moja kwa moja kwenda dukani.

Somo hilo linachukua kama nusu saa. Katika wodi nyingi hutolewa kwa pamoja asubuhi ya kuruhusiwa, mzungumzaji akiwa amesimama mlangoni, huku akina mama wakifunga mizigo na ndugu wakisubiri nje. Kubandika picha ukutani hakuondoi upungufu huo. Kunyonyesha ni kazi ya mikono, na kazi ya mikono hufundishwa kwa kushikwa mkono.

Yaliyofanyika kwingine

Swali la kama hospitali ikijipanga inaweza kubadili kitu lilishajibiwa zamani. Mwaka 1989 WHO na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Watoto (UNICEF) walitoa hatua 10 za kufuatwa na kila wodi ya wazazi, na mwaka 1991 wakaanzisha mpango wa hospitali rafiki kwa watoto. Hatua hizo, zilizopitiwa upya mwaka 2018, zinagusa mafunzo ya watumishi, elimu kwa wajawazito, kumweka mtoto kifuani mara tu anapozaliwa, mama na mtoto kulala pamoja usiku na mchana, na kutompa mtoto kinywaji kingine pasipo sababu ya kitabibu.

Nchini Belarus, jaribio lililohusisha hospitali 31 za uzazi na kliniki zake, pamoja na akina mama na watoto 17,046, lilifanyika kati ya mwaka 1996 na 1997. Sehemu moja ya hospitali hizo ilifundisha watumishi wake kwa kufuata mpango huo, nyingine ikaendelea kama kawaida. Watoto walipofika miezi mitatu, asilimia 43.3 ya waliozaliwa katika kundi la kwanza walikuwa wakinyonya maziwa ya mama pekee. Katika kundi la pili walikuwa asilimia 6.4. Waliougua magonjwa ya kuharisha ndani ya mwaka wa kwanza walikuwa asilimia 9.1 kwa kundi la kwanza na 13.2 kwa la pili.

Belarus ni mbali, tena ina madaktari wengi. Lakini matokeo yanayofanana na hayo yalipatikana Kinshasa, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, yakachapishwa mwaka 2015 katika jarida la Lancet Global Health. Kliniki sita ziligawanywa katika makundi matatu. Mbili hazikufanya lolote jipya. Mbili zilifundisha watumishi hatua tisa za kwanza. Mbili za mwisho zilifuata hatua zote 10, ile ya mwisho ikiwa ni kuendelea kumsaidia mama kila anapomleta mtoto kliniki baada ya kuruhusiwa.

Watoto walipofikisha wiki 14, waliokuwa wakinyonya maziwa ya mama pekee walikuwa asilimia 29 katika kundi la kwanza na asilimia 65 katika la pili. Katika la tatu, kinyume na matarajio, walikuwa asilimia 40 tu. Kliniki zilizoongeza kazi ya ziada zilifanya vibaya kuliko zile zilizotilia mkazo wodi ya wazazi. Fundisho lake kwa waandaaji wa mipango ni zito: watumishi walewale wachache, wakiongezewa majukumu, si lazima walete matunda zaidi. Kinacholipa kwanza ni kuwafundisha vizuri wale wanaompokea mama siku ya kujifungua.

Msaada wa baada ya kuruhusiwa nao una nafasi yake, ila pengine si lazima ubebwe na muuguzi yuleyule. Katika wilaya ya Mbale, nchini Uganda, wanawake wa kawaida waliopewa mafunzo ya muda mfupi waliwatembelea wenzao majumbani angalau mara tano. Kwa mujibu wa matokeo yaliyochapishwa mwaka 2011, watoto wa wiki 12 waliokuwa wakinyonya maziwa ya mama pekee walikuwa asilimia 82 kwa waliotembelewa na asilimia 44 kwa wasiotembelewa.

Utafiti huo huo ulifanyika pia Afrika Kusini, na huko mambo yalikwenda tofauti kabisa. Waliotembelewa walifikia asilimia 10, wasiotembelewa asilimia sita. Wakati huo Serikali ya Afrika Kusini ilikuwa ikigawa maziwa ya kopo bure kliniki kwa akina mama wenye virusi vya Ukimwi, na ilikuja kutangaza kuacha kufanya hivyo mwaka 2011.

Kopo na virusi

Suala la virusi vya Ukimwi (VVU) lilivuruga sana ushauri wa unyonyeshaji katika miaka ya 2000. Wauguzi waliambiwa wamshauri mama mwenye VVU achague kati ya titi na kopo, na wengi walitafsiri kuwa kopo ndilo salama. Gharama yake ilionekana Botswana, nchi nyingine iliyokuwa ikigawa maziwa hayo bure. Mvua kubwa za mwanzoni mwa mwaka 2006 zilifuatiwa na mlipuko wa kuharisha ulioua watoto wengi, na uchunguzi ulibaini kuwa hatari kubwa kuliko zote ilikuwa ni mtoto kutonyonyeshwa.

Mwaka 2010 WHO ilibadili mwongozo wake baada ya ushahidi kuonyesha kuwa mama anayetumia dawa za kufubaza virusi anaweza kunyonyesha huku hatari ya kumwambukiza mtoto ikipungua sana. Tanzania imekuwa ikiwapa wajawazito wote wenye VVU dawa hizo kwa maisha yao yote tangu ilipoanza mpango huo mwaka 2013. Hata hivyo, hofu ya zamani haijaisha mitaani, na wapo akina mama wanaofika leba wakiwa wameshanunua kopo. Asiyewaeleza habari mpya anawaachia mwongozo uliokufa.

Kwa upande wa biashara, nchi wanachama wa WHO zilipitisha mwaka 1981 kanuni za kimataifa za kudhibiti uuzaji wa maziwa mbadala. Tanzania ilitunga kanuni zake mwaka 1994 na kutoa nyingine mwaka 2013. Zinakataza kutangaza bidhaa hizo kwa umma na kuzitumia hospitali kama uwanja wa mauzo. Usimamizi wa masuala ya chakula ulihamishiwa Shirika la Viwango Tanzania (TBS) mwaka 2019.

Tangazo la siku hizi halihitaji bango. Linaingia kupitia simu ya mama akiwa amelala wodini, au kupitia kauli ya mtumishi mmoja kwamba "muanzishie kopo kwanza". Kauli hiyo, ikitoka kwa mtu aliyevaa sare nyeupe, ina nguvu kuliko tangazo lolote. Hospitali haiwezi kufunga simu za wagonjwa, ila inaweza kuhakikisha kuwa hakuna kopo linaloingia wodini bila maandishi ya daktari yanayoeleza sababu.

Watoto njiti

Penye hatari zaidi ni kwa watoto waliozaliwa kabla ya wakati. Kwa miaka mingi utaratibu ulikuwa ni kumtenganisha njiti na mama yake, akalazwa kwenye mashine ya joto hadi hali itulie, ndipo mama aruhusiwe kumbeba kifuani kwa njia ya kangaruu, iliyoanzia Bogotá, Colombia, mwaka 1978.

Utafiti ulioratibiwa na WHO na kuchapishwa mwaka 2021 uliupindua utaratibu huo. Ulihusisha watoto 3,211 wenye uzito wa kati ya kilo moja na chini ya kilo 1.8 katika hospitali za India, Ghana, Malawi, Nigeria na Tanzania, ambako ulifanyika katika Hospitali ya Taifa Muhimbili. Watoto waliobebwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa, hata kabla ya hali zao kutulia, waliofariki ndani ya siku 28 walikuwa asilimia 12. Waliosubirishwa walikuwa asilimia 15.7. Usalama wa kuendelea kuwasubirisha wengine ulikuwa umekwisha, na utafiti ulisitishwa mapema.

Kwa hiyo ushahidi ulizalishwa pia Dar es Salaam, na Watanzania walishiriki kuuzalisha. Kinachobaki ni kuutekeleza, na utekelezaji wake ni suala la majengo zaidi ya dawa. Ili mama ambebe njiti usiku na mchana, lazima kitanda chake kiwe ndani ya wodi ya watoto wachanga. Hospitali nyingi zilijengwa kwa kudhani kuwa mtoto mgonjwa ana sehemu yake na mama ana sehemu yake. Matokeo yake ni akina mama wanaolala kwenye korido au kibarazani, wakiitwa kila baada ya saa tatu kukamua maziwa ya kulishia kwa kikombe au mpira. Wengi wao wana mshono, na chakula chao hutegemea ndugu. Mwanamke mwenye njaa, uchovu na hofu huona maziwa yanapungua, kisha hulaumiwa kwa kupungua huko.

Jirani Kenya ilikwenda hatua nyingine mwaka 2019, ilipofungua benki ya maziwa ya mama katika Hospitali ya Uzazi ya Pumwani, jijini Nairobi, kwa ajili ya watoto ambao mama zao wamefariki au ni wagonjwa. Benki ya namna hiyo ni ya thamani, lakini huhitaji vipimo, majokofu na umeme usiokatika. Kiti chenye egemeo, kitanda cha mama na sahani ya chakula ni vya bei nafuu zaidi, na vingewafikia wengi kwanza.

Muuguzi mmoja, vitanda vingi

Yote haya humrudia muuguzi. Ni rahisi kumnyooshea kidole, ila ukweli ni kuwa anafanya kazi ya watu watatu, na hakuna anayemuuliza ni akina mama wangapi aliowasaidia kunyonyesha. Huulizwa ni wangapi wamejifungua na wangapi wamefariki. Kazi isiyohesabiwa huachwa mwisho.

Ndiyo maana cheti cha hospitali rafiki kwa watoto kimeshindwa kudumu katika nchi nyingi. WHO ilipofanya tathmini mwaka 2017 ilikuta kuwa ni asilimia 10 tu ya watoto duniani wanaozaliwa katika vituo vyenye hadhi hiyo. Wakaguzi walikuja, watumishi wakafundishwa, kibao kikatundikwa. Baada ya miaka michache waliofundishwa walihamishwa, na kibao kikabaki ukutani.

Mapitio ya mwaka 2018 yalipendekeza kuwa viwango hivyo viingizwe katika ukaguzi wa kawaida wa ubora wa hospitali, badala ya kuwa mradi wa pembeni. Huo ni ushauri wa busara kwa Tanzania. Mganga mfawidhi anaweza kuanza kesho bila kusubiri bajeti, kwa kumteua muuguzi mmoja katika kila zamu kuwa na jukumu la unyonyeshaji na kuweka sharti kwamba mama asiruhusiwe kabla mtumishi hajamwona akimnyonyesha mtoto kwa macho yake. Bibi aliyekuja kumchukua mzazi angeitwa ndani asikilize pia, kwa kuwa ndiye atakayeamua siku ya tatu. Baba naye ana lake, hasa katika jamii zinazoamini kuwa kukutana na mkewe akiwa ananyonyesha ni kumbemenda mtoto. Imani hiyo huwaachisha wengine ziwa mapema, na hospitali hunyamaza kwa aibu.

Nje ya hospitali sheria imefanya sehemu yake, ingawa si yote. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayotumika Tanzania Bara, inampa mama likizo ya uzazi yenye malipo ya siku 84, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na saa mbili kwa siku za kunyonyesha arudipo kazini. Siku 84 ni wiki 12, wakati mtoto anatakiwa kunyonya bila kitu kingine kwa miezi sita. Mama ntilie na muuza mboga hawana hata hizo. Kwao somo la kukamua na kuhifadhi maziwa, likitolewa wodini, lina thamani kuliko kifungu chochote cha sheria.

Lililo la haraka zaidi ni zile siku chache baada ya kuruhusiwa. WHO inataka mama na mtoto waonwe tena kati ya saa 48 na 72 baada ya kujifungua, muda ambao ndio hasa maziwa hujaa na matatizo huanza. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii wapo katika vijiji na mitaa mingi, na wanaweza kupewa majina ya waliojifungua kila siku. Vinginevyo, mama aliyejifungua Alhamisi usiku huruhusiwa Ijumaa, matiti yake hujaa Jumapili, na katika vituo vingi kliniki ya mama na mtoto hufunguliwa Jumatatu.